Risala ya Walimu kwa Mgeni Rasmi Siku ya Kufunga Mafunzo ya Mbinu za Kufundishia

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mwalimu Mkuu,
Wajumbe wa Kamati ya Shule,
Wazazi na walimu wenzetu,

Itifaki imezingatiwa.

Tunakushukuru kwa kufika. Barabara ya kuja huku tunaijua, na kwa mvua hizi wengine wangetuma mwakilishi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwa siku tano tumekaa chini ya utaratibu wa MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, tukilijadili swali moja: katika kipindi cha dakika 40, mada hii niifundishe kwa mbinu gani? Mtaala ulioboreshwa, ulioanza kutumika Januari 2024, unamtaka mwanafunzi atende, si akariri. Vishikwambi tunavyo, vile vilivyotumika kwenye Sensa ya mwaka 2022 kisha walimu wakagawiwa. Chumba cha kompyuta nacho kipo. Lakini tulipopitia maandalio yetu ya somo tulijikuta tunaandika "kompyuta" kwenye nafasi ya mbinu, wakati kompyuta ni zana. Kuna mwenzetu aliyeonyesha slaidi 30 kwa projekta, darasa likanakili kimya mpaka kengele. Ni mhadhara uleule wa ubaoni, tofauti ni kwamba safari hii umetumia umeme.

Tukueleze kisa cha darasa la sita. Mada ilikuwa mzunguko wa damu, na mwalimu aliandaa picha jongefu ya moyo. Dakika ya tatu umeme ukakatika. Akamtuma kijana akalete pampu ya baiskeli ya mlinzi. Wakapokezana kuweka kidole kwenye mdomo wa pampu, wakasikia hewa inavyosukuma. Walipojaza tairi, binti mmoja akauliza, "Mwalimu, mbona hewa hairudi?" Hilo ndilo swali la vali za moyo, vile vilango vinavyozuia damu isirudi nyuma, na limeulizwa na mtoto mwenyewe. Wiki iliyofuata wakaonyeshwa picha ileile, na vali ilipojifunga wakapiga kelele, "Ile ya pampu!" Tangu hapo tunaanza na kitu cha kushika mkononi, kioo cha kompyuta kinafuata.

Yapo mambo ambayo kompyuta inatushinda, na hatuoni haya kukiri. Kwenye mazoezi ya hesabu inamwambia mtoto papo hapo kama amekosa, inampa swali jingine, wala haichoki. Mwenye madaftari 90 ya kusahihisha hawezi hivyo. Mtoto mwenye aibu, asiyenyoosha kidole mwaka mzima, pale anakosea mara nne bila kuchekwa.

Tatizo ni kwamba watoto sita wanaizunguka kompyuta moja. Tulipokaa nyuma ya darasa kuangalia, tuligundua kipanya kinashikwa na mmoja, mara nyingi yule anayejua tayari, na watano ni watazamaji. Sasa tunagawa kazi: mmoja anashika kipanya, mmoja anasoma swali kwa sauti, mmoja anaandika, na waliobaki lazima wakubaliane jibu kabla halijabonyezwa. Kila baada ya dakika tano wanabadilishana. Kelele ni nyingi, Mwalimu Mkuu atatuvumilia.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, maombi yetu ni matatu. Kwanza, tupatiwe sola na betri kwa ajili ya chumba cha kompyuta. Pili, fungu dogo la bando, kwa kuwa vitabu vya maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania tunavipakua kwa fedha za mifukoni mwetu. Tatu, nalo ndilo tunalolitilia mkazo: anapokuja mtu kutukagua, asitafute projekta kwanza. Achukue daftari la mtoto wa dawati la nyuma, amuulize amejifunza nini leo.

Pampu tumeshamrudishia mlinzi.

Tunaomba kuwasilisha.