Mtoa taarifa alindwe kuanzia kaunta ya polisi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni yangu kuhusu wito ambao viongozi wa polisi huutoa kila wanapokutana na wananchi, kwamba raia wema wawafichue wahalifu wanaoishi nao mitaani. Wito huo siupingi. Ninachosema ni kwamba wengi wetu tunanyamaza si kwa kuwapenda wahalifu wala kwa kutojua wajibu wetu, bali kwa sababu tumekwisha kupiga hesabu ya yatakayotupata siku majina yetu yatakapojulikana, na hesabu hiyo huanzia mlangoni mwa kituo.

Miaka michache iliyopita nilikwenda kwenye kituo kimoja cha polisi, ambacho sitakitaja, kueleza habari za nyumba ya jirani iliyokuwa ikipokea mizigo usiku wa manane: leo pikipiki isiyo na namba, kesho televisheni zilizoviringishwa kwenye mashuka. Kwenye benchi walikuwapo watu sita au saba wakisubiri kuhudumiwa. Askari wa kaunta, ambaye kwa kweli hakuwa na ubaya wowote, alifungua kitabu cha matukio akaniuliza kwa sauti iliyosikika hadi nje: "Unaitwa nani, unakaa wapi, na unamlalamikia nani?" Niligeuka nikalitazama benchi. Mmoja wa waliokaa pale nilimjua kwa sura, maana tulikuwa tukipishana mtaani karibu kila siku. Nikasema nimepoteza kitambulisho. Nikaandikiwa taarifa ya kupotelewa na kitambulisho ambacho wakati huo kilikuwa mfukoni mwangu, nikarudi nyumbani. Najua nilikosea, na sijivunii kitendo hicho, lakini nina hakika si mimi peke yangu niliyewahi kubadili maneno mbele ya kaunta ya namna hiyo.

Chumba cha pembeni chenye mlango unaofungika kingetosha kuniokoa na uongo ule. Pengine hata karatasi na kalamu vingetosha.

Robert Peel alianzisha polisi wa London mwaka 1829, na miongoni mwa kanuni zinazohusishwa na jina lake hadi leo imo ile isemayo kwamba polisi ni raia na raia ni polisi. Kanuni hiyo hunukuliwa sana kwenye hotuba. Mimi hunivutia zaidi kisa cha mji wa Albuquerque, nchini Marekani, ambako mwaka 1976 kijana aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha mafuta aliuawa na wapelelezi wakakosa pa kuanzia. Mpelelezi mmoja aliomba tukio hilo liigizwe kwenye televisheni, akaahidi zawadi kwa atakayetoa habari, na akaweka wazi kwamba mpiga simu hatalazimika kutaja jina. Haukupita muda mrefu simu ikapigwa na wahusika wakapatikana. Mpango uliozaliwa hapo ulienea katika nchi nyingi kwa jina la Crime Stoppers, na mtoa habari hutambulika kwa namba tu. Nakitaja kisa hiki kwa sababu ile habari haikuwa imepotea. Muda wote ilikuwa kifuani mwa mtu, ikisubiri ahadi ambayo angeweza kuiamini.

Wapo watakaosema kwamba taarifa zisizo na jina zitawapa nafasi wenye chuki na wivu kuwachongea jirani zao. Hofu hiyo ni ya haki. Dawa yake ni polisi kukumbuka kwamba fununu ni mwanzo wa uchunguzi na si ushahidi, na kwamba hakuna anayepaswa kuwekwa mahabusu kwa sababu tu kuna aliyenong'ona.

Upo pia ukimya wa polisi wenyewe, ambao kwa maoni yangu unawavunja moyo watu kuliko hata woga. Mwananchi hutoa taarifa Jumatatu, mtuhumiwa hukamatwa Jumanne, na Alhamisi anaonekana mtaani akitembea huku akicheka. Jirani huhitimisha hapo hapo kwamba kuna mtu amekula mlungula. Huenda ni kweli, kwani rushwa ipo na tusidanganyane. Lakini huenda vilevile mtuhumiwa amepewa dhamana, ambayo kwa makosa mengi ni haki ya mtu ambaye hajahukumiwa, au ushahidi uliokusanywa haukutosha kumfikisha mahakamani. Tofauti kati ya mambo hayo ni kubwa mno, na anayeweza kuieleza ni polisi peke yake. Mkuu wa kituo akija kwenye mkutano wa mtaa kuhimiza ushirikiano, aje pia na maelezo ya mashauri yaliyokwisha kufikishwa kwake, bila kutaja majina ya waliompa habari.

Nimalizie na Japani, ambako tangu mwaka 1874 mji wa Tokyo ulianza kuwa na vituo vidogo vya polisi vinavyoitwa koban. Askari wachache hukaa katikati ya makazi, humwelekeza njia aliyepotea, hupokea vitu vilivyookotwa na huwatembelea wakazi majumbani mwao. Mtu ambaye amewahi kurudishiwa mwavuli wake na askari anayemfahamu kwa sura haoni taabu kumweleza siku nyingine jambo zito zaidi. Kwetu sisi, kwa wengi, mara ya kwanza kuzungumza na askari ndiyo siku ya balaa.

Kwa hiyo ombi langu kwa wakuu wa vituo ni dogo. Asubuhi moja wavue sare, waende wakakae kwenye benchi la kituo chao kama watu waliokuja na shida, kisha wahesabu ni majina mangapi ya watoa taarifa watakayoyasikia kabla ya saa sita mchana.

Wako,
Msomaji wa siku nyingi