Mwanangu, njia ile ilikuwa na wenyewe

Malindi, 24 Aprili 2024

Mwanangu mpenzi,

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Sisi huku hatujambo, ila kusi imeanza kuvuma na wavuvi wenye mashua ndogo wamekwisha kuzivuta juu. Mvua ya masika inanyesha usiku kucha. Shangazi yako anakusalimu sana.

Siku ile uliponipigia simu kutoka Durban laini ilikatika kabla sijakujibu. Ulisema kuwa ofisa mmoja wa meli yenu, mkiwa mezani mnakula, alidai bahari yetu hii iligunduliwa na Vasco da Gama, na kwamba meli zote zinazozunguka Rasi ya Tumaini Jema siku hizi kwa kuogopa mashambulizi ya Bab el-Mandeb, mlango wa Bahari ya Sham, zinafuata nyayo zake tu. Ukanyamaza, nawe ni mtoto wa Malindi. Neno hilo limenikaa moyoni siku nne. Nimefundisha historia miaka 31, watoto wa wenzangu wamekijua kisa hiki kutoka kinywani mwangu, na wewe wa tumbo langu sijawahi kukuketisha nikakusimulia kwa utulivu. Haya, kaa kitako.

Kwanza tumpe haki yake. Aliondoka Lisbon tarehe 8 Julai 1497 na merikebu 4, ametumwa na Mfalme Manuel. Kilichokuwa kikitafutwa ni pilipili manga na viungo vingine vya India, ambavyo vilifika Ulaya kwa kupitia Bahari ya Sham, Misri na Venice, na kila mkono uliovishika ukiongeza bei. Wareno walitaka kwenda wenyewe dukani. Rasi ilikuwa imeshazungukwa na Mreno mwenzao, Bartolomeu Dias, mwaka 1488. Lakini da Gama hakuifuata pwani ya Afrika kwa woga. Alipotoka visiwa vya Cape Verde alijitosa katikati ya Atlantiki kuutafuta upepo wa kumrudisha mashariki, akakaa zaidi ya siku 90 bila kuona ardhi. Columbus, kutoka visiwa vya Canary hadi ng'ambo, alikaa siku 36. Wewe uliye baharini unalijua hilo zito lake kuliko mimi. Na pwani uliyonipigia simu wao waliipita wakati wa Krismasi, ndiyo maana wakaipa jina la Natal.

Huko kote, naam, hawakuwa na wa kumfuata. Lakini walipofika mto wa Quelimane, Januari 1498, wakiwa na wagonjwa wa kiseyeye, ufizi umevimba hadi chakula hakitafuniki, walikutana na watu waliovaa vilemba vyenye tarazo za hariri, wala hawakushangazwa na merikebu. Tangu hapo walikuwa ndani ya nyumba ya watu. Kisiwani Msumbiji, mwezi Machi, walidhaniwa kuwa Waislamu, wakapokewa vizuri, kisha ukweli ukajulikana na wakaondoka huku wakipiga mizinga. Mombasa walifika tarehe 7 Aprili. Mfalme wa Mombasa aliwapelekea kondoo, machungwa, malimau na miwa. Da Gama akashuku hila, akawachukua mateka wawili na kuwamwagia mafuta ya moto mwilini ili waseme. Jambo hili halikusingiziwa na maadui zake. Liliandikwa na mwenzao aliyekuwa safarini nao, katika kumbukumbu zake za kila siku. Baada ya hayo watu wa Mombasa waliogelea usiku kwenda kuzikata kamba za nanga zao.

Tarehe 14 wakatia nanga hapa kwetu.

Hapa ndipo ninapopenda kukaa kidogo. Yule mwandishi wao anausifu mji: nyumba ndefu, zimepakwa chokaa, zina madirisha mengi. Alimwona mfalme wetu katika joho la damaski lenye mpako wa satini ya kijani, mwavuli mwekundu juu yake, na upanga wenye ala ya fedha. Pembeni zilikuwa zikipigwa pembe mbili za ndovu, zimechorwa kwa nakshi, urefu wake kama mtu mzima, na tundu la kupulizia liko ubavuni. Yeye hakujua zinaitwaje. Wewe unajua, kwa sababu nilikupeleka Lamu ukiwa darasa la tano nikakuonyesha siwa. Bandarini zilikuwapo merikebu 4 kutoka India, zimekuja kwa upepo wa kaskazi kama kawaida yake, zinangoja kusi zirudi. Sasa mwulize ofisa wenu: bahari ambayo merikebu nne za ng'ambo zimeegeshwa ukingoni mwake inagunduliwaje?

Da Gama hakushuka pwani. Mfalme alimbembeleza, naye akasema bwana wake amemkataza, basi wakaonana vyombo kwa vyombo, juu ya maji. Alichotaka ni rubani, mtu wa kumwongoza baharini hadi India. Siku zikapita, rubani haji, na tarehe 22 alipokuja mjumbe wa mfalme, da Gama akamshika mjumbe yule akasema hamwachii mpaka aliyeahidiwa aletwe. Akaletwa.

Mwanangu, mtu huyu ndiye ninayemfikiria kila nikipita kwenye ule mnara mweupe wa da Gama ufukweni. Wareno wanasema alikuwa Mgujarati. Mwandishi wao João de Barros, baadaye sana, anasimulia kuwa da Gama alimwonyesha chombo kikubwa cha mbao cha kupimia jua, akitarajia atastaajabu, na rubani hakustaajabu hata kidogo. Aliwaambia kuwa mabaharia wa huku wana vyao vya kupimia jua na nyota, akatandaza ramani ya pwani ya India imechorwa mistari. Na jina lake? Wameandika “Malemo Cana”. Litamke polepole. Malemo: maalim, mwalimu. Ndivyo rubani mkuu wa bahari alivyoitwa na Waarabu na watu wa pwani. Hilo si jina alilopewa na mamake, ni cheo chake. Ni kama mtu aje Malindi kuniulizia, kisha aende kwao aandike kitabu kuwa alisaidiwa na mwanamke aitwaye Mwalimu. Utasikia watu wakisema alikuwa Ahmad ibn Majid, yule bingwa wa Julfar, Uarabuni, aliyeandika elimu ya bahari kwa mashairi. Hata mimi zamani nilifundisha hivyo, na siku hizi sifundishi tena, maana wanahistoria waliochunguza hawakuona ushahidi wa kutosha.

Waling'oa nanga tarehe 24 Aprili, siku kama ya leo. Kusi ikawasukuma kwa siku 23 kabla ya kuona ardhi, na tarehe 20 Mei wakatia nanga karibu na Calicut, bandari ya India. Mtu wa kwanza waliyemtuma pwani alipelekwa kwa Waarabu wawili wa Tunis waliojua Kihispania. Wakamwuliza, ni ibilisi gani aliyekuleta huku? Akajibu kuwa wamekuja kutafuta Wakristo na viungo. Zawadi walizotaka kumpa mfalme wa Calicut zilikuwa vitambaa 12 vya mistari, kofia, mabeseni 6 ya kunawia, sukari, mafuta na asali. Maofisa wa mfalme walicheka, wakasema hata mfanyabiashara fukara kutoka Makka huleta zaidi.

Lakini kinachonitia uchungu ni kurudi kwao. Marehemu babu yako, ambaye alipanda jahazi za Mukalla tangu ujana, alikuwa akisema upepo haukopeshi. Da Gama aliondoka Calicut tarehe 29 Agosti, kusi haijesha. Akasogea pwani kidogo, kisha tarehe 5 Oktoba akaiacha India bila kungoja kaskazi. Mtoto yeyote wa nahodha angemwambia atulie hadi mwisho wa Novemba. Njia waliyoivuka kwa siku 23 sasa iliwachukua miezi mitatu kasoro siku tatu, katika shwari na pepo za mbele. Watu 30 walikufa kwa kiseyeye. Katika kila merikebu walibaki saba au wanane wa kushika kazi. Nawahurumia hao, nakwambia kweli, walikuwa vijana wa mama zao kama wewe.

Walirudi hapa tarehe 7 Januari 1499. Wagonjwa walililia machungwa, na mfalme wetu akawapa, pamoja na kondoo, kuku na mayai. Wengine hawakuwahi kupona, wamezikwa huku huku. Kisha wakaomba waruhusiwe kusimamisha nguzo. Msalaba unaouona pale ni wa jiwe lililotoka kwao, ule mnara wa chini yake umejengwa baadaye. Kwenye pwani ya Tanga waliichoma merikebu yao moja, São Rafael, kwa sababu mikono ya kuziendesha zote tatu zilizobaki haikuwapo tena.

Unaweza kuniuliza kwa nini Malindi iliwasaidia. Tulikuwa na uhasama na Mombasa, tukadhani tumepata rafiki mwenye mizinga. Da Gama aliporudi mwaka 1502 aliilazimisha Kilwa kulipa kodi ya dhahabu, na karibu na pwani ya India akaichoma merikebu ya mahujaji waliotoka Makka, mamia ya watu, wanawake na watoto wamo. Mwaka 1505 wenzake waliipora Kilwa wakaiteketeza Mombasa. Malindi haikuchomwa, ilinyauka tu: Wareno walipoanza kujenga Fort Jesus mwaka 1593, walihamia Mombasa na wakamchukua mfalme wetu wakaenda naye. Dhahabu ile ya Kilwa mfalme wao aliamuru itengenezwe chombo cha kanisani, kikakamilika mwaka 1506, na kipo hadi leo katika jumba la makumbusho Lisbon. Meli yenu ikitia nanga huko, nenda ukakitazame kwa niaba yangu.

Jambo moja nataka uniandikie. Umewahi kuniambia kuwa kila bandari mnayoingia, rubani wa pale hupanda melini kwa ngazi ya kamba, akamwelekeza kapteni mpaka gatini, kisha akashuka. Je, jina lake huandikwa kwenye kitabu cha meli, au wanaandika “rubani” tu?

Mamako akupendaye.