Mwanangu Musa, kabla hujajaza pampu

Mwanangu Musa,

Salamu kutoka Busia. Sisi hatujambo. Ng'ombe alikuwa akichechemea wiki nzima, sasa amepona.

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Unasema mahindi yamefika magotini, majani yana matundu, na mwenye duka hapo Kigumba amekwambia upulizie kila wiki mpaka yatoe mbelewele. Musa, yule anauza dawa. Ulitegemea akwambie nini?

Kesho alfajiri, umande ukiwa bado, iache pampu nyumbani. Ingia mpaka katikati ya shamba, usikague pale kando ya njia tu. Simama sehemu 5, na kila sehemu kagua mimea 20. Chungulia kile kikombe cha majani machanga. Mavi ya kiwavi hujaa humo kama unga wa msumeno uliolowa. Ukimkuta mwenyewe, mtazame usoni: ana alama ya Y iliyopinduliwa, na karibu na mkia ana madoa 4 meusi yaliyokaa kama pembe za mraba. Huyo ndiye kiwavijeshi vamizi. Mara nyingi utamkuta peke yake, kwa kuwa wakishakua hulana wao kwa wao.

Hesabu mimea yenye mavi mabichi. Matundu ya zamani yaache, maana jani lililotoboka halizibiki hata ulimwagie pipa zima. Ikiwa chini ya 20 katika hiyo 100, mimi nisingepulizia. Mahindi ya umri huo bado yanatoa majani mapya. Na ukipita pindua majani: mayai utayaona yamebandikwa pamoja, yamefunikwa manyoya kama pamba chafu. Kifungu kimoja kinaweza kuwa na mayai mia na zaidi, na huanguliwa baada ya siku chache tu. Yaponde kwa vidole. Rudia mara mbili kwa wiki.

Najua utasema mama ameanza mambo yake. Lakini ulikuwa bwenini mwaka 2017, wadudu hawa walipotuvamia, hukuona marehemu baba yako alivyohangaika. Alinunua chupa mbili za dawa tofauti, akazichanganya kwa kupimia kizibo cha soda, akapulizia saa saba mchana akiwa na fulana na kandambili. Viwavi mchana hujificha ndani ya kikombe. Jioni walitoka wakaendelea kula. Yeye alitapika usiku kucha. Wiki mbili baadaye maharage ya kando yakajaa vidukari ambao hatukuwa tumewaona hapo, kwa sababu wale wadudu wekundu wenye madoa mgongoni, ambao huwala vidukari, walikuwa wamekufa wote. Tuliwaua askari wetu, wezi wakabaki.

Wapo askari wengi. Sisimizi huingia kwenye kikombe wakamtoa kiwavi mzimamzima. Kuna nyigu wadogo kama vumbi ambao hutaga ndani ya mayai ya nondo, mama wa viwavi hawa, mtoto wa nyigu akala yai kabla kiwavi hajatoka. Dawa ya kila wiki haiwabagui.

Hesabu ikizidi, basi pulizia. Anza na mimea iliyoshambuliwa tu, jioni jua likipoa, mdomo wa pampu uuelekeze ndani ya kikombe, upepo uwe mgongoni. Vaa buti, glavu na nguo ya mikono mirefu. Soma karatasi ya chupa. Yenye mstari mwekundu ni sumu kali, irudishe dukani. Usichanganye dawa mbili kwa kubahatisha, na usirudie aina ileile msimu mzima, watazoea. Angalia pia siku za kungoja kabla ya kuvuna, maana nakujua kwa mahindi ya kuchoma. Chupa tupu isuuze mara tatu, maji yake yamwage ndani ya pampu, kisha itoboe asije mtu akawekea maziwa.

Wenzetu wengine hutia majivu na mchanga kwenye kikombe. Nimejaribu, kwa viwavi wadogo inasaidia, kwa wakubwa unapoteza asubuhi yako.

Kilichonipumzisha mimi ni desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde unaotambaa. Ujuzi huu ulitoka ng'ambo ya mpaka, kwa watafiti wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu, kule Mbita, Kenya. Unaipanda katikati ya mistari ya mahindi, harufu yake inawafukuza nondo. Pembezoni unazungushia nyasi za brakiaria, wanavutwa huko. Na kiduha, lile gugu lililokuwa likinyonya mizizi ya mahindi yangu, kimekwisha kabisa upande ule. Ng'ombe anakula yote mawili. Ila desmodiamu hudumu miaka, na shamba hilo umekodi, kwa hiyo zungumza na mwenyewe kwanza.

Nimekufungia vipande vya desmodiamu kwenye gunia lenye maji. Kondakta wa basi la Jumamosi analo. Kavichukue mapema visikauke, uviweke kivulini mpaka upate jibu la mwenye shamba. Ukishahesabu ile mimea 100, ndipo unipigie.

Mamako