Kaunti imekataa chumba cha mama mkwe, tufanyeje?

Mshauri, hujambo?

Tunaishi mashambani, Bonde la Ufa, kwenye ploti ya futi 50 kwa 100. Mama mkwe anahamia kwetu. Magoti yake hayawezi ngazi, kwa hivyo habari ya ghorofa haipo. Tunataka kumjengea chumba chake chini, choo ndani, futi mraba 240.

Ramani imerudi kutoka kaunti, imekataliwa. Huku hakuna laini ya maji taka, kila boma lina tangi lake na shimo la kunyonya, na sharti la eneo letu ni majengo yasifunike zaidi ya asilimia 35 ya ploti. Yetu ni futi mraba 5,000, basi mwisho wetu ni 1,750. Nyumba imekula 1,500. Banda la kuku 140, maana afisa alilipima nalo, eti lina mabati. Ukiongeza chumba cha mama, tunafika 1,880.

Sababu yao naielewa: maji ya mvua na ya choo lazima yapate udongo wa kuingia. Lakini ukisimama uani kwetu huoni ila mahindi ya jirani, ekari mbili zisizo na hata kibanda. Hesabu ya kaunti inakoma kwenye seng'enge yetu.

Tukivunja banda, tunashuka hadi 1,740. Sawa, ila kuku hao ndio karo. Halafu mama ameshaomba kibaraza cha kukaa jioni, na futi kumi zinazobaki hazitoshi kiti na mtu wa kunyoosha miguu.

Jirani, mzee muungwana, amekubali kutuuzia ukanda wa futi nne, urefu wote wa ploti. Hapo tungekuwa na 5,400, mwisho 1,890, na chumba kinaingia bila kugusa kuku. Lakini ni ardhi ya kilimo: kuna idhini ya bodi ya ardhi, kuna mpima, kuna hati mpya. Nahofia karatasi zitakula pesa kuliko mawe na saruji.

Fundi naye ana dawa yake: "Tupige kazi wikendi, mama, ofisi zimefungwa." Mume wangu ameanza kumsikiliza. Mimi nimesoma Sheria ya Upangaji ya 2019: kujenga bila kibali ni faini hadi Sh500,000, au kifungo hadi miezi miwili, au vyote viwili.

Rufaa kwa kamati ya kaunti ni ndani ya siku 14 tangu uamuzi, na zinakwenda. Je, magoti ya mgonjwa ni hoja mbele ya kamati hiyo, au wanaangalia vipimo tu? Kibaraza kilicho wazi pande tatu kinahesabiwa? Na nikiweka makubaliano na jirani kwa maandishi, naweza kuyapeleka kwenye rufaa kabla hati haijatoka?

Mke wa boma, Bonde la Ufa