Barua ya kufunga Muhula wa Pili: kwa wazazi wa Bebi, Mido na Topu, madarasa 3 ya chekechea yetu

Wazazi na walezi wetu, salaam.

Tumefunga salama. Najua wengi wenu mmebaki na swali lile mnaloniuliza getini kila mchana hapa Busia, Uganda: "Mwalimu, mbona daftari la mtoto ni jeupe?" Nitalijibu, lakini kwanza soko la mchezo la watoto.

Waliofika siku ile walijionea wenyewe. Topu walifungua soko chini ya mwembe, na lile soko halikuota usiku mmoja. Walimu walilipanga kwa wiki 3. Wiki ya kwanza watoto walitaja vitu vya sokoni kwa Kisamia, Kiteso na Kiswahili, kila mmoja kwa lugha ya kwao. Ya pili walifinyanga nyanya na ndizi za udongo. Ya tatu wakauza, na pesa ilikuwa vizibo vya soda. Binti mmoja wa miaka 5 alitandaza mukene wake, yaani dagaa, ambao kwa kweli ni majani makavu yaliyokatwakatwa. Mteja akatoa vizibo 10, akachukua mafungu 3 ya vizibo 2 kila fungu. Binti akahesabu kwa kidole, midomo ikicheza, akarudisha 4. Akaja mwingine mikono mitupu kutaka kukopa. Binti akashika kiuno: "Mama alisema deni hapana!" Nilicheka hadi machozi, kisha nikakumbuka kitabu cha karo kilicho mezani kwangu.

Sasa swali lenu. Mwongozo wa kufundisha watoto wa miaka 3 hadi 6, uliotolewa na kituo cha taifa cha mitaala, NCDC, mwaka 2005, una maeneo 5: kuishi na wenzako, kuyajua mazingira, kujitunza, hesabu na lugha. Soko lile liligusa yote, hata kunawa mikono kabla ya kugusa ndizi za kweli. Hakuna ukurasa wa daftari unaoweza kubeba hayo.

Na Bebi msiwaharakishe. Kifundo cha mkono kina mifupa midogo 8, na kwa mtoto wa miaka 3 mingi bado ni gegedu. Ndiyo maana wanachana karatasi, wanakanda udongo, wanatunga vizibo kwenye uzi. Penseli itakuja, na mkono utakuwa tayari kuishika.

Hapa niseme jambo ambalo bado linaniuma. Katikati ya muhula mzazi mmoja aliingia Bebi watoto wakiwa kwenye duara la asubuhi, akalitupa daftari mezani, akamwambia mwalimu mbele yao kwamba analipwa kucheza. Mwalimu alinyamaza, akaendelea na wimbo. Kesho yake kwenye kona ya darasa wanakochezea mambo ya nyumbani nikamwona mtoto akimtupia mwanasesere karatasi: "Unalipwa kucheza wewe!" Mnaona wanavyojifunza haraka, na bila penseli? Mwenye lalamiko aje ofisini kwangu. Atakayeingia tena darasani namna ile nitamtoa mwenyewe, na umri wangu huu.

Wengine mmewatafutia watoto wa miaka 4 mwalimu wa jioni, mkisema shule za msingi zinawapima kabla ya P1, darasa la kwanza la msingi. Mtoto anafika asubuhi amechoka, anasinzia kwenye uji. Mtaala wa P1 hadi P3, ulioanza 2007, unakwenda kwa mada, na kwa lugha ya eneo pale inapowezekana. Mtoto anayesimulia habari yake mpaka mwisho na kusubiri zamu yake ataumudu. Wala msinilinganishie na ng'ambo ya mpaka. Kenya wana PP1 na PP2, miaka 2 ya chekechea; sisi tuna madarasa 3, na hatuna sababu ya kukimbia.

Jumatatu ndiyo siku tunayofungua mada ya wiki, na ndiyo siku mnayovuka mpaka na watoto kwenda biashara. Anayekuja Jumanne anawakuta wenzake wanaimba wimbo asioujua. Mwachieni bibi, mwachieni jirani, au mleteni kwetu mapema.

Karo. Serikali inalipia elimu ya msingi kwa UPE, mpango wa elimu ya msingi kwa wote, na UPE inaanzia P1. Chekechea, kwa Sheria ya Elimu ya 2008, iko mikononi mwa watu binafsi, kwa hiyo hakuna shilingi ya serikali inayoingia hapa. Uji wa saa nne ni unga, sukari na kuni, na muuza kuni hakopeshi. Wapo waliolipa nusu Februari wakatoweka. Simu nikipiga inaita tu, kumbe boda boda yao naiona kila siku stendi. Sipendi kumrudisha mtoto wa miaka 3 getini na kikaratasi, hajui kosa lake. Njooni tupange malipo kidogokidogo kabla ya kufungua, msingoje siku yenyewe. Aliyekwisha kulipa, asante, hili si lako.

Paa la Mido limezibwa. Wanaochelewa kuchukua watoto, saa saba ni saa saba.

Tarehe ya kufungua iko kwenye ripoti. Muhula ujao mada ya kwanza ya Topu ni usafiri, kwa hiyo kila mtoto aje na boksi moja tupu na vizibo 20. Ndala kuukuu pia tunapokea, za kukatia magurudumu.

Wenu,
Mwalimu Mkuu