Kabla ya kugusa programu yako, tunatafuta jaribio linalofeli

Simu nyingi tunazopokea hapa Tanga huanza na maneno mawili: “Mfumo unasumbua.” Mwenye duka la vipuri Chumbageni husema hivyo, na mhasibu wa SACCOS husema hivyohivyo. Wanachotaka ni fundi afungue programu sasa hivi na kurekebisha. Sisi hatuanzi hapo, na mteja ana haki ya kujua kwa nini, maana muda huo analipia yeye.

Programu ya duka la kawaida ina maelfu ya mistari ya msimbo, yaani maagizo ambayo kompyuta huyafuata. Fundi anayebadilisha pale anapopashuku anaweza kuondoa dalili na kuacha ugonjwa ulipo. Kwa hiyo kwanza tunaandika majaribio ya kiotomatiki: vijiprogramu vidogo vinavyoilisha programu yako taarifa tunazozijua na kukagua kama jibu ni lile tunalolijua. Uza mikate 40 kwa shilingi 1,300, jumla lazima iwe 52,000. Ikitoka namba nyingine, jaribio limefeli. Kompyuta hurudia mamia ya majaribio kama hayo kwa muda mfupi, bila kuchoka wala kuruka hata moja.

Chukua bekari ya Ngamiani inayopakia mikate ya jumla usiku. Mwenye mali analalamika kuwa mauzo ya Jumanne yamepungua na ya Jumatatu yamezidi, lakini jumla ya wiki iko sawa. Ukimwuliza keshia, atakuapia kwamba fedha alikabidhi zote, na anasema kweli. Tunaandika jaribio moja la mauzo kwa saa tofauti. Saa nne asubuhi linapita, na saa mbili usiku linapita. Saa nane usiku linafeli: mauzo yanaandikwa tarehe ya jana. Ikigonga saa tisa usiku, linapita tena. Mpaka huo wa saa tisa ndio unaotuonyesha pa kutazama. Seva nyingi, yaani kompyuta zinazohifadhi data za mfumo, hutunza muda kwa saa ya kimataifa, na Tanzania iko mbele yake kwa saa 3. Ripoti inayochukua tarehe kabla ya kuongeza saa hizo 3 itarudisha nyuma kila kilichouzwa kati ya saa sita na saa tisa usiku. Marekebisho yenyewe huenda yasizidi mstari mmoja. Hapo keshia amekwisha kushukiwa wizi, na hilo linatuuma kuliko kasoro yenyewe.

Si kila hitilafu hujionyesha waziwazi namna hiyo. Nyingine tunazitafuta kwa kulinganisha njia. Kila jaribio likiendeshwa, tunarekodi mistari liliyopitia. Mstari uliopitiwa zaidi na majaribio yaliyofeli, na kwa nadra na yaliyofaulu, unapanda juu kwenye orodha ya washukiwa. Mwaka 2002 watafiti wa Marekani James Jones, Mary Jean Harrold na John Stasko walieleza mbinu hiyo kwa kuipaka mistari rangi, kuanzia nyekundu kwa inayoshukiwa hadi kijani kwa iliyo salama, na wakaiita Tarantula. Lakini kushukiwa si kukutwa na hatia. Sehemu ya kuchapa risiti inaweza kuwaka nyekundu kwa sababu tu kila hesabu mbovu hupitia hapo kabla ya kumfikia mteja. Orodha inampunguzia fundi pa kusoma. Kusoma bado ni kazi yake.

Kuna pia kupunguza data. Tuseme faili ya bidhaa 2,000 inakataa kuingia kwenye mfumo. Tunaigawa nusu, tunajaribu kila upande, tunaendelea na nusu inayokataa, hadi ibaki bidhaa moja: “Maziwa ya ng'ombe”. Kosa liko kwenye ritifaa, ile alama (') iliyo ndani ya “ng'ombe”. Katika lugha ya hifadhidata, yaani ghala la taarifa za mfumo, alama hiyo hufunga maandishi, na programu inayobandika maneno ya mtumiaji moja kwa moja ndani ya amri hukatika hapohapo. Hili tunalichukulia kwa uzito mkubwa, kwa kuwa tundu lililofichuliwa na ng'ombe ndilo analoweza kulitumia mwizi kuingiza amri zake na kusoma madeni ya wateja wako. Ukiona fundi ameliziba kwa kukuambia uandike “ngombe”, mkatalie.

Na kama programu ilikuwa nzima mwezi uliopita, tunairudisha nyuma kwenye historia ya mabadiliko, yaani kumbukumbu ya kila badiliko la msimbo, tukikata katikati kila mara. Mabadiliko 1,000 yanahitaji takriban hatua 10 tu kumfikia mkosaji. Sharti ni historia hiyo iwe imetunzwa. Baadhi ya mifumo tunayoletewa haina, na kazi inakuwa ndefu.

Majaribio hayathibitishi kuwa programu haina kosa. Mholanzi Edsger Dijkstra aliliweka wazi zamani: yanaweza kuonyesha kuwa hitilafu zipo, kamwe si kwamba hazipo. Yeyote anayekuuzia uhakika wa asilimia 100 anakudanganya. Tunachoahidi ni kwamba hitilafu tuliyoiandikia jaribio haitarudi kimyakimya, kwa sababu jaribio hilo litaendeshwa kila programu inapobadilishwa.

Kama bajeti ni ndogo, tunaanza na sehemu zinazogusa fedha: jumla, punguzo, madeni, na ripoti ya kufunga siku. Rangi za vitufe zitasubiri.

Unapotuletea tatizo, tutumie picha ya skrini, saa lilipotokea, ulichokuwa unaandika neno kwa neno, na jibu ulilotarajia kuliona. Kazi ikiisha tunakukabidhi majaribio yote pamoja na programu. Ni mali yako, na fundi yeyote utakayemchagua baadaye, awe wa Tanga au wa kwingine, ataweza kuyaendesha.