Mhariri, kile kigoda hakikaliwi

Ndugu Mhariri,

Mi ni msomaji wenu wa siku nyingi hapa Nkuhungu, Dodoma, gazeti nanunuaga soko la Majengo nikifata mzigo wa nyanya, na barua kwa kweli siandikagi ila hii ya juzi imenikera. Mmetoa stori ya Waashanti, wale watu wa Ghana, mkaandika "kiti cha dhahabu anachokalia mfalme wa Ghana". Jamani. Ghana ni jamhuri ina rais wake, huyo Asantehene ni mfalme wa Waashanti na ikulu yake ya Manhyia iko Kumasi. Hilo nawasamehe. Kubwa ni hiyo ya kukalia.

Kile kitu hakikaliwi na mtu yeyote, hata mfalme mwenyewe siku ya kusimikwa anashushwa tu juu yake bila kukigusa, basi, imetosha. Wenyewe wanasimulia kwamba mwishoni mwa miaka ya 1600 kuhani Okomfo Anokye alikiita toka mbinguni kikashuka taratibu mpaka magotini kwa mfalme Osei Tutu, ilikuwa Ijumaa, na toka siku hiyo roho ya taifa lote imo mle, ya waliokufa na walio hai na ambao bado hawajazaliwa. Ndo maana kina jina la mtu kabisa, Sika Dwa Kofi, yaani Kigoda cha Dhahabu Kofi. Kofi ni mtoto wa kiume aliyezaliwa Ijumaa, yaani kwa huku kwetu tungekiita Juma. Sasa nani anaenda kumkalia Juma?

Halafu sio kiti, ni kigoda. Babu yangu kule Bahi alikuwa nacho kimoja cha miguu mitatu, kimeng'aa katikati kwa kukaliwa miaka, siku moja nikiwa mdogo nikakikalia nakula ubuyu, bibi alinitoa na mwiko. Sikuambiwa sababu wala sikuuliza. Nilipokuja kusoma kwamba Mwashanti akiinuka kwenye kigoda chake anakilaza ubavu roho nyingine isije ikakaa nilielewa haraka sana, japo bibi naye alikuwa anakilaza ila yeye sababu yake ilikuwa kuku.

Na hili kosa lenu sio geni. Machi 1900 gavana wa Kiingereza, Hodgson, alienda Kumasi, wakati huo mfalme Prempeh walishamkamata na kumhamisha toka 1896, akasimama mbele ya machifu akauliza kigoda kiko wapi na kwa nini hakijaletwa akikalie yeye kama mwakilishi wa malkia wa Uingereza. Wale watu walimsikiliza kimya wakaondoka. Wiki chache baadae gavana amezingirwa ndani ya ngome yeye na mkewe, na anayeongoza vita ni mama, Yaa Asantewaa, malkia mama wa mji wa Ejisu (Yaa ni wa Alhamisi, huku angekuwa Mwanahamisi). Waingereza walishinda mwishoni, mama wakampeleka Shelisheli akafia huko 1921, ila kigoda hawakukipata ng'o. Kilikuwa kimefichwa, na kilipokuja kuibuka ni wajenzi wa barabara walikifukua wakabandua mapambo ya dhahabu wakauza. Waashanti wenyewe wakawahukumu kifo, serikali ya kikoloni ndo ikawaponya kwa kuwafukuza nchini.

Mmeandika pia mtoto wa mfalme ndo mrithi. Hapana, kule ukoo unafata mama, kwa iyo ufalme unaenda kwa ndugu wa tumbo moja au mpwa wa kwa dada, na anayependekeza jina ni malkia mama, Asantehemaa. Sisi Wagogo mtoto ni wa baba na ng'ombe zimetoka kwa hiyo tunaona ajabu, ila rafiki yangu Mkaguru wa Gairo nilipomwambia alicheka tu, akasema mbona kwetu ndo hivyo hivyo.

Naomba mrekebishe, hata kamstari kamoja ukurasa wa pili. Na ile picha, kigoda kilikuwa kimelazwa ubavu kama inavyotakiwa, nyie mkaona kimeanguka mkaizungusha kisimame. Angalieni vizuri, wale wazee wa pembeni wote wamelala.

Msomaji wenu,
Nkuhungu, Dodoma